Vioo vya Giza Viondoke, Kuanzia kwa Wakubwa

Msimu huu wa kahawa tulikuwa Iyula, wilayani Mbozi. Ilikuwa jioni, wakulima wakirudi kutoka mashambani, na watoto wa shule wakitembea makundi makundi kando ya barabara ya vumbi. Likatokea gari refu jeusi, vioo vyake vyote vimefunikwa kwa karatasi ya giza. Likaenda polepole sana, likasimama, likarudi nyuma kidogo, likasimama tena. Watoto wakakimbia wakaingia migombani. Kina mama wakaanza kuitana. Vijana wawili wa bodaboda wakaziweka pikipiki zao katikati ya njia, na mzee mmoja, mtu wa kuheshimika kabisa, akainama akaokota jiwe.

Kioo kikashushwa. Ndani mlikuwa na wanawake watatu na dereva wao, wamejifunga khanga, wanauliza njia ya kwenda msibani. Mmoja akateremka, akamtazama mzee, akainama kwa adabu. "Shikamoo mjomba." Kumbe ni mtoto wa dada yake, aliyeolewa Tunduma. Mzee akabaki na jiwe mkononi. "Marahaba mwanangu. Mbona mnatujia namna hii? Mngeshusha kioo tangu kule darajani tungewajua." Yule binti akaeleza kwamba gari si lao, wameazimwa na jirani, na vioo walivifunga kwa sababu ya vumbi.

Watu wakacheka, wageni wakaelekezwa njia, mambo yakaisha. Sisi hatukucheka sana. Tulijiuliza ingalikuwaje kama giza lingalikuwa limeingia, kama dereva angaliona pikipiki zile akadhani ni wanyang'anyi akakanyaga mafuta, au kama yule mzee angalikuwa kijana wa miaka ishirini mwenye hasira. Wote waliokuwapo pale walikuwa watu wema. Kitu kilichowatenganisha ni karatasi nyembamba iliyobandikwa juu ya kioo.

Ndiyo maana leo twaandika juu ya vioo vya giza, ambavyo mafundi wa mjini huviita tinti. Huenda msomaji akaona kwamba kuna mambo makubwa zaidi ya kuandikwa katika safu hii: bei ya mbolea, mishahara, foleni ya malori mpakani. Hayo tumeyaandika na tutayaandika tena. Lakini barabara ni mahali ambapo mkulima, mfanyakazi, mwanafunzi na mkubwa hukutana kila siku bila kupangiwa, na ikiwa mmoja wao aweza kuwaona wote, naye asionwe na mtu, basi hapana usawa barabarani, na usalama nao hupungua. Twataka jambo hili liwekewe sheria iliyo wazi, nasi twataka sheria hiyo ianze kufanya kazi upande ambao kwa kawaida sheria huchelewa kufika.

Hofu ya gari lililofungwa haikuanza jana. Wakati wa utawala wa Waingereza wazee wetu walikuwa na habari za mumiani huko pwani na za chinjachinja huku bara, watu waliosemekana kuzunguka usiku kwa motokaa wakikamata wapita njia na kuwatoa damu. Habari zile hazikuwa za kweli, ila hofu yenyewe ilikuwa ya kweli, tena ilikuwa na asili yake. Mtu wa kawaida aliiona motokaa ikipita, hakujua ni nani aliyemo, imetumwa na nani wala inakwenda wapi, na hakuwa na haki ya kuuliza. Pale ambapo mtu hana haki ya kuuliza, hujibuni majibu yeye mwenyewe.

Kwa upande wa Mbozi, tena, haifai kuwacheka wazee kwa kuogopa. Katika miaka ya mwisho ya 1990 na ya mwanzo ya 2000, wilaya hii ilipokuwa bado sehemu ya mkoa wa Mbeya, ilitajwa mara kwa mara kwa mauaji ya watu waliochunwa ngozi. Hayo hayakuwa masimulizi ya jioni. Watu walikufa, na wazazi wa watoto wa leo walikuwa watoto wakati huo, wakikatazwa kutembea peke yao. Mkoa wa Songwe ulipozaliwa mwaka 2016 ulirithi kahawa nzuri, mpaka wenye biashara kubwa, na kumbukumbu hiyo pia.

Na hofu ikikosa njia ya kujipoza huwageukia wasio na hatia. Mwanzoni mwa Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, watumishi watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliokuwa kazini, wakishughulikia utafiti wa udongo, walishambuliwa wakauawa, na gari lao likateketezwa, kwa sababu ilipigwa kelele kwamba wao ni wanyonya damu. Hatusemi kwamba gari lile lilikuwa na vioo vya giza. Hilo si letu kulisema. Tunalolisema ni kwamba katika nchi ambayo jambo la namna ile limewahi kutokea, mtu anayepeleka gari lisiloonekana ndani mpaka kijijini anawahatarisha wanakijiji, na anajihatarisha yeye mwenyewe zaidi. Bwana shamba, mpima ardhi, mwenye kuhesabu watu, muuguzi wa chanjo, karani wa ushirika, wote hao kazi yao hutegemea kuaminiwa pale wanapoteremka. Uso ulioonekana tangu mbali umekwisha kusalimia kabla ya mdomo.

Kuna hofu nyingine, changa kuliko hiyo, wala si ya vijijini peke yake. Tarehe 6 Septemba 2024 Ndugu Ali Mohamed Kibao, mjumbe wa sekretarieti ya chama cha CHADEMA, aliteremshwa katika basi jijini Dar es Salaam na watu wenye silaha, akapakiwa garini akachukuliwa. Siku iliyofuata maiti yake ilipatikana Ununio. Rais Samia Suluhu Hassan alilaani mauaji yale na akaviagiza vyombo vya uchunguzi vimpelekee taarifa. Sisi ni gazeti la Chama, na marehemu alikuwa wa chama kingine, lakini damu ya Mtanzania haina kadi. Jambo la kutekwa kwa watu na wasiojulikana limewatia wananchi wa itikadi zote wasiwasi, na mwananchi aliye katika wasiwasi, akiona gari la vioo vyeusi limeegeshwa mbele ya nyumba yake kwa saa mbili, hawezi kulala. Majirani zetu wameyaona hayo pia. Nchini Uganda, wakati wa uchaguzi wa Januari 2021 na miezi iliyofuata, watu waliyapa jina la "drone" yale magari ya Toyota HiAce yenye vioo vya giza, mara nyingi bila namba, yaliyokuwa yakiwachukua watu, wengi wao wafuasi wa upinzani. Mtoto wa Kampala alilijua neno hilo kabla ya kujua maana yake ya asili.

Twakubali kwamba kioo hakimteki mtu. Mwovu aweza kufanya uovu wake katika gari la vioo vyeupe, na usiku humfichia kazi yake bila gharama. Lakini mtu anayetaka kumchukua mwenzake mchana, mbele ya watu, anahitaji mahali pa kumficha akiisha kumchukua. Gari likipita Mlowo, Vwawa, na vizuizi vya polisi vyote mpaka Tunduma, na asiwepo hata askari mmoja, konda mmoja au muuza mahindi mmoja wa kuweza kusema kesho yake "nilimwona, alikuwa kiti cha nyuma, katikati ya watu wawili", basi macho ya umma mzima yamefungwa. Tangu miaka ya 1960, Chama kilipounda mashina ya nyumba kumi, tuliwafundisha mabalozi kwamba kila mgeni afikaye katika nyumba zao wamjue. Balozi wa nyumba kumi atamjuaje mgeni asiyekuwa na uso?

Kenya walilifikia jambo hili kwa njia ya uchungu. Tarehe 4 Mei 2014 mabomu yalilipuka katika mabasi mawili ya abiria kwenye barabara ya Thika, Nairobi, na Serikali ikaagiza magari ya abiria yaondolewe vioo vya giza ili ijulikane nani yumo na amebeba nini. Si vizuri sisi tungoje fundisho la namna hiyo.

Sasa tuyaache ya wahalifu, tuseme juu ya ajali, maana ajali huua watu wengi kuliko watekaji, nazo hazisubiri usiku. Msomaji aliyewahi kusafiri kwa barabara kuu kutoka Mbeya kwenda Tunduma anajua tunachokisema. Ni barabara moja, njia mbili, na juu yake hupita malori ya mizigo ya Zambia na Kongo, mabasi, Noah za abiria, bajaji, bodaboda, mikokoteni, ng'ombe na watoto. Tangu kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilipozinduliwa Oktoba 2019 magari mengi huvuka mpaka, na bado foleni ni ndefu. Kuna mteremko wa Senjele, ambao madereva huutaja kwa sauti ya chini. Kuna mvua za tangu Novemba hadi Mei, na ukungu wa asubuhi katika vilima vya Mbozi ambao hufanya lori lenye taa hafifu lionekane kama kivuli.

Katika barabara kama hiyo sheria ya kwanza ni macho. Mahali penye taa za kuongozea magari na vivuko vilivyochorwa ni pachache. Mama mwenye mtoto mgongoni anayetaka kuvuka pale Mlowo humtazama dereva usoni. Dereva akitikisa kichwa au kuinua mkono, anavuka. Akiona dereva anatazama simu, anangoja. Kijana wa bodaboda humtazama dereva wa gari lililoegeshwa ajue kama mlango utafunguliwa ghafla. Dereva wa nyuma huona kupitia vioo vya gari la mbele kwamba mbele yake tena kuna ng'ombe, akaanza kupunguza mwendo mapema. Mazungumzo hayo yote hufanyika bila neno, mara elfu kwa siku, na kioo cha giza huyakata yote kwa pamoja. Mama yule hubaki akitazama kioo kinachomwonyesha sura yake mwenyewe.

Na aliyemo ndani naye haoni kama anavyodhani. Tuseme kidogo juu ya hesabu yake, kwa kuwa mafundi hawaisemi. Kioo cha mlango wa gari, hata kikiwa cheupe na safi, hakipitishi mwanga wote. Katika kila sehemu mia za mwanga hupitisha kama sabini na tano. Fundi akibandika juu yake karatasi ambayo yeye huiita ya thelathini na tano, yaani ipitishayo sehemu 35 katika mia, mteja hudhani amebakiwa na 35. Sivyo. Amebakiwa na 35 katika kila mia ya zile 75, ambazo ni kama 26. Akipendelea ile nyeusi zaidi, ya ishirini, amebakiwa na 15. Mchana wa jua kali hatajua tofauti. Jioni ya ukungu, taa za lori zikimmulika kutoka mbele, na mtembea kwa miguu aliyevaa koti la rangi ya udongo akitokea upande wa kushoto, tofauti hiyo ni uhai wa mtu. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa hula mita 22 kwa kila sekunde. Dereva akichelewa kuona kwa sekunde moja tu, amekwisha kupita urefu wa nyumba mbili kabla mguu wake haujagusa breki. Na dereva wa miaka hamsini macho yake huhitaji mwanga mwingi kuliko ya kijana wa ishirini, ingawa aghalabu huyo wa hamsini ndiye mwenye gari lenye giza zaidi.

Nchi nyingine zimekwisha kuweka kipimo. Uingereza hutaka kioo cha mbele kipitishe sehemu 75 katika mia, na vioo vya milango ya mbele 70, kwa magari yaliyoanza kutumika tangu Aprili 1985. Afrika Kusini hutaka 70 kwa kioo cha mbele na 35 kwa vingine. Japani, ambako ndiko hutoka sehemu kubwa ya magari yaliyotumika tunayonunua, hutaka 70 kwa kioo cha mbele na vya milango ya mbele. Vya nyuma haiwekei kipimo hicho. Ndiyo sababu magari mengi yafikayo bandari ya Dar es Salaam yana vioo vya nyuma vilivyotiwa rangi kiwandani, lakini milango ya mbele ni myeupe. Msomaji aangalie vizuri hapo. Ile giza ya mbele, ile inayomficha dereva, haikutoka Japani. Imebandikwa hapa kwetu, kwa fedha zetu, na fundi wetu, mara nyingi katika wiki ile ile gari lilipopata namba.

India walikwenda mbali zaidi, na kesi yao yafaa kukumbukwa. Tarehe 27 Aprili 2012 Mahakama Kuu kabisa ya nchi ile iliamua kwamba karatasi nyeusi haziruhusiwi katika vioo vya gari lolote, nyepesi au nzito, kuanzia tarehe 4 Mei mwaka ule. Kioo cha mbele na cha nyuma kipitishe 70 katika mia, vya ubavuni 50, na kiwe hivyo kutoka kiwandani. Kilichotupendeza katika hukumu ile kuliko tarakimu zake ni kwamba haikuwasamehe wakubwa kwa kuwa ni wakubwa. Wale waliopewa ulinzi wa daraja la juu kwa sababu ya hatari iliyothibitishwa waliwekewa kamati ya kuyachunguza maombi yao. Wengine wote, mawaziri kwa wafanya biashara, waliambiwa wabandue.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu ya leo. Twajua, na kila mfanyakazi ajua, jinsi agizo la namna hii linavyoweza kutekelezwa katika nchi yetu tusipoangalia. Litatangazwa siku ya Jumatatu. Jumanne askari watasimama barabarani na kusimamisha Noah za abiria, teksi, na kijana aliyenunua gari la mkopo ili afanye biashara. Watabanduliwa karatasi kwa kisu, watalipa faini. Na wakati huo huo, katika barabara hiyo hiyo, yatapita magari marefu ya namba za ST, SM na SU, na ya mashirika, na ya wafanya biashara wanaofahamiana na wakubwa, vioo vyeusi kama usiku, na askari atapiga saluti. Baada ya mwezi mmoja agizo litakuwa limekufa, na mwananchi atakuwa amejifunza jambo moja tu, kwamba giza ni heshima na mwanga ni wa maskini.

Miaka ya 1960 watu wetu waliwabuni jina wale waliojitenga na umma kwa magari ya fahari: Wabenzi. Lilikuwa jina la dhihaka, lakini Mbenzi wa siku zile angalau alionekana. Alikaa kiti cha nyuma, na mkulima aliyekuwa kando ya barabara alimwona na kumtambua, na kama alikuwa na la kumwambia, alilisema mkutanoni. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha, na wananchi wa njiani walimwona alivyotoka jasho. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukawakataza viongozi kiburi, majivuno na dharau kwa wanaowaongoza. Hatudai viongozi wa leo waende Tunduma kwa miguu. Twadai jambo dogo zaidi, kwamba wapitapo Iyula kwa gari lililonunuliwa kwa kodi ya kahawa ya Iyula, wenye kahawa yao wamwone aliyemo.

Kwa hiyo twaomba sheria hii, itakapotekelezwa, ianze na magari ya Serikali, ya halmashauri, ya mashirika ya umma na ya Chama. Yapewe siku thelathini. Baada ya hapo ndipo ya watu binafsi yapewe siku zao. Gari la polisi la doria na gari la wagonjwa yana kanuni zake, na wale wachache ambao uhai wao uko hatarini kwa sababu ya kazi ya Taifa watajulikana kwa maandishi, kwa majina yao. Cheo peke yake kisiwe sababu.

Tumesikia hoja za wanaovipenda vioo hivi, na si haki kuzipuuza. Wa kwanza husema juu ya jua. Ni kweli Tunduma na Dodoma jua ni kali, na mfanyakazi anayeendesha gari siku nzima huumia. Lakini giza na ubaridi ni vitu viwili. Sehemu kubwa ya joto la jua hupita kwa miali isiyoonekana kwa macho, na karatasi zisizo na rangi za kuizuia miali hiyo zinatengenezwa, mtu akaonekana na joto likapungua. Wa pili husema juu ya wezi: gari likiwa katika foleni ya mpakani, mwizi akiona mkoba ndani huvunja kioo. Hilo twalikubali kwa nusu. Mkoba waweza kuwekwa chini ya kiti au nyuma; na mwizi anayevunja kioo cheusi naye hufanya kazi yake bila kuonwa akiisha kuingia ndani.

Hoja ya tatu ndiyo iliyotufanya tufikiri zaidi. Ndugu zetu wenye ualbino huumizwa na jua, na saratani ya ngozi imewaua wengi wakiwa bado vijana. Tena hao hao ndio waliowindwa na wauaji wenye kuamini uchawi, hivyo wana sababu mbili za kutotaka kukaa wazi. Kwa ajili yao na wengine wenye maradhi ya ngozi, cheti cha daktari kiheshimiwe, kisiuzwe, na karatasi ya kuzuia miali ya jua bila giza iruhusiwe katika vioo vyote. Kioo cha mbele cha gari, kwa kuwa hutengenezwa kwa tabaka mbili zilizogandishwa, huizuia sehemu kubwa ya miali inayounguza ngozi; cha mlango huizuia kidogo zaidi. Hapo ndipo msaada unapohitajiwa.

Na juu ya kuuza vibali tuna neno. Nigeria wana sheria ya kukataza vioo vya giza tangu mwaka 1991, na ndani yake kuna nafasi ya kibali. Mwaka 2025 polisi wa nchi hiyo walipofufua mpango wa vibali kwa njia ya intaneti, chama cha mawakili kilikwenda mahakamani, na malalamiko makubwa yalikuwa juu ya fedha zinazotozwa. Mtu anapouziwa ruhusa ya kufanya jambo ambalo jana liliitwa hatari, hatari haijaondoka. Imetiwa bei, na wenye fedha watailipa. Wahalifu nao hawakosi fedha. Kibali kiwe cha sababu, kitolewe bure, nacho kiwe kigumu kukipata.

Kipimo nacho kiwe cha tarakimu. Sheria yetu kubwa ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, nayo imerekebishwa mara kadhaa. Na tangu mwaka 2021 imekwisha kuamuliwa kwamba lugha ya sheria za Tanzania ni Kiswahili. Basi kanuni ya vioo iandikwe kwa Kiswahili ambacho utingo ataelewa: kioo cha mbele na vya milango ya mbele vipitishe mwanga sehemu 70 katika mia; karatasi ya giza isibandikwe popote; vya nyuma vilivyotoka kiwandani na rangi yake viachwe kwa magari yaliyokwisha kuingia nchini, ila katika gari la abiria vioo vyote vionekane ndani. Askari asipime kwa macho. Kuna chombo kidogo kinachoshikwa kwa mkono, hushikizwa kwenye kioo pande zote mbili kikasoma tarakimu. Kila kituo cha polisi wa barabarani kipewe. Askari anayepima kwa macho hupima pia mfuko wa dereva, na madereva wa barabara ya Tunduma wamepimwa hivyo vya kutosha.

Twasisitiza hilo la vioo vya kiwandani kwa ajili ya mfanyakazi. Kubandua karatasi ni kazi ya saa chache. Kubadilisha vioo vya milango miwili na cha nyuma ni mshahara wa miezi kadhaa kwa mwalimu au kwa karani wa forodha, ambaye alinunua gari lile kama lilivyoshushwa melini, akalilipia ushuru, akaambiwa ni halali. Asiadhibiwe kwa kosa la kiwanda cha Nagoya. Kama twataka magari yajayo yawe na vioo vyeupe pande zote, tuyakatae bandarini kabla hayajauzwa.

Tumeandika maneno haya yote, na msomaji ana haki ya kuuliza juu ya gari letu. Gari la gazeti hili lililotupeleka Iyula lilikuwa na karatasi nyeusi katika vioo vya milango yote minne, na hatuwezi kusema aliyeibandika ni nani wala lini. Yule mzee alipokwisha kuagana na mpwa wake, alitugeukia na kutuuliza kwa upole kama na sisi tunakwenda msibani. Tuliporudi mjini tulimpelekea fundi. Alitumia maji ya sabuni, wembe na nusu siku. Dereva wetu analalamika kwamba sasa jua la saa tisa linampiga mkono wa kulia, naye ana haki. Tumemwagizia karatasi isiyo na rangi, na mpaka ifike anaendesha amevaa shati la mikono mirefu.